Habari za Dawa za Watoto Wachanga, na Jinsi Kipimo Chake Kilivyotafutwa

Katika kitabu hiki cha jubilei wasomaji wamepata habari za makanisa ya kwanza, za shule, na za hospitali zilizojengwa kwa jasho la wazee wetu. Sisi tumepewa kazi ya kuandika juu ya jambo lililo dogo kwa kulitazama, walakini ni kubwa kwa wale waliofikwa nalo: dawa apewazo mtoto mchanga aliye mahututi. Twaandika kwa sababu sisi tulio makatekista huitwa mara nyingi usiku kwenda kumbatiza mtoto asiyetazamiwa kuiona asubuhi, na katika nyumba hizo twaona mengi. Twaona chupa juu ya meza, na kijiko cha chai, na kidonge kilichokatwa kwa kisu. Twamsikia bibi wa mtoto akisema, "Dawa hii ilimponya baba yake, nami nimempa robo tu."

Neno hilo "robo tu" ndilo lililotufanya tuzitafute habari hizi. Maana yule bibi si mjinga, wala hakosi upendo. Amefikiri kama walivyofikiri madaktari wakuu wa Marekani na Ulaya hata katika miaka ya 1950, ya kwamba mtoto ni mtu mdogo, basi dawa yake ni dawa ya mtu mzima iliyopunguzwa. Jinsi walivyokuja kujua ya kuwa sivyo, na gharama iliyolipwa kabla hawajajua, ndiyo habari yetu.

Mwili wa mtoto mchanga hautofautiani na wetu kwa udogo tu. Ini lake, ambalo kwa mtu mzima huzivunja dawa na kuzifunga tayari kwa kutolewa, halijakomaa kwa kazi hiyo siku za kwanza. Figo zake huchuja polepole. Ngozi yake ni nyembamba, hata dawa ipakwayo nje yaweza kuingia ndani. Tena hali hiyo haikai kama ilivyo: mtoto wa siku 2 si sawa na mtoto wa siku 10, na aliyezaliwa kabla ya siku zake, ambaye siku hizi huitwa njiti, si sawa na yule aliyetimiza miezi yake. Naye akiwa mahututi, damu haifiki vema katika figo, nazo huzidi kulegea. Kwa hiyo dawa iliyo ndogo machoni petu yaweza kukaa mwilini mwake, ya pili ikaja juu ya ya kwanza, na ya tatu juu ya ya pili, kama maji ya mvua katika shamba lisilo na mfereji.

Zamani mambo haya hayakuwasumbua watu, maana dawa za nguvu zilikuwa chache. Mwaka wa 1935 Gerhard Domagk wa Ujerumani alitangaza dawa ya kwanza ya ukoo wa salfa. Baada yake ikaja penisilini, iliyoenea wakati wa vita vya pili vya dunia. Kisha streptomaisini mwaka wa 1943. Na mwaka wa 1947 kloramfenikoli, iliyotokana na kiumbe kidogo cha udongo wa Venezuela. Furaha ilikuwa kubwa. Homa ya matumbo, iliyokuwa ikimaliza watu, ikapata dawa ya kuishinda.

Basi madaktari wa watoto walipotazama vyumba vya njiti, wakaona wengi wakifa kwa vidudu walivyovipata kwa mama zao au mle mle hospitalini, wakasema: Mbona tungoje ugonjwa uje? Na tuwape dawa mapema, ili kuwakinga. Hofu yao ilikuwa ya haki, kwa kuwa mtoto mchanga akiingiwa na vidudu katika damu huweza kuwa mzima asubuhi na maiti jioni. Lakini hawakuwa na kipimo kilichothibitishwa kwa watoto wa namna hiyo. Walikitegemea kile walichokijua kwa wakubwa, wakakitengeneza kwa kufuata uzito, wakaendelea.

Mjini New York, katika hospitali ya watoto iitwayo Babies Hospital, njiti walikuwa wakipewa penisilini pamoja na salfa moja iitwayo salfisoksazoli. Ilikuwa desturi njema, nao wauguzi waliizoea. Daktari William Silverman na wenzake walitaka kujua kama dawa nyingine, oksitetrasaiklini, yafaa sawa na hizo za desturi. Katika miaka ya 1953 na 1954 wakawagawanya watoto kwa kura, wala si kwa hiari ya daktari, nusu wapate hizi na nusu wapate ile, kisha wakahesabu. Aliyeshukiwa alikuwa mgeni. Aliyeonekana ana hatia akawa mwenyeji. Watoto waliopewa penisilini na salfa walikufa wengi kuliko wenzao, na maiti zao zilipochunguzwa, katika ubongo wa wengi ilionekana rangi ya manjano iliyoharibu sehemu zake za ndani. Habari hiyo ilichapishwa mwaka wa 1956.

Yafaa tueleze kidogo, maana jambo hili litarudi mbele. Chembe nyekundu za damu zikivunjika huacha kitu cha manjano kiitwacho bilirubini, nacho ndicho kiwapacho watoto wengi rangi ya manjano siku za kwanza. Ini changa haliwezi kukiondoa upesi. Wakati kinapongojea, hubebwa katika damu na kitu kiitwacho albumini, kama abiria katika chombo, na maadamu yumo chomboni hana madhara. Mwaka wa 1959 daktari Gerard Odell alionyesha ya kuwa salfa ile hupanda katika chombo hicho hicho na kumsukuma abiria wa kwanza nje. Bilirubini ikitupwa nje ya chombo huogelea hata ubongoni. Ndiyo sababu hata mtoto ambaye umanjano wake haukuwa mkubwa aliweza kuharibika: dawa yenyewe haikumchoma, bali ilimfungulia sumu iliyokuwa imefungwa.

Lililotushangaza sisi tuliposoma ni hili. Dawa ile ilikuwa imetolewa katika chumba kile na madaktari hodari, wenye macho, wenye kuwapenda watoto, wala hawakuona kitu. Nao wangeonaje? Njiti walikuwa wakifa siku zote. Aliyekufa kwa dawa alilazwa kando ya aliyekufa kwa udogo wake, na nyuso zao zilifanana. Kifo kimoja kilijificha nyuma ya kingine, hata ilipokuja hesabu ya kulinganisha.

Sasa twende upande wa magharibi wa nchi hiyo hiyo, katika hospitali ya serikali ya wilaya ya Los Angeles. Huko madaktari Lee Burns, Joan Hodgman na Alonzo Cass walikuwa na shaka juu ya desturi ya kuwakinga kwa dawa watoto ambao chupa ya uzazi ya mama ilipasuka zaidi ya saa 24 kabla ya kuzaliwa. Wakawaweka njiti wa namna hiyo katika mafungu manne. Fungu la kwanza hawakupewa dawa. La pili walipewa kloramfenikoli peke yake. La tatu, penisilini na streptomaisini. La nne, zote tatu pamoja. Twawaomba walimu wazitazame hesabu hizi vema, maana ni hesabu ambayo mtoto wa darasa la tano aweza kuifanya, nayo iliwaokoa watu wasiohesabika.

Katika wale 32 wasiopewa dawa, walikufa 6. Katika wale 33 waliopewa penisilini na streptomaisini, walikufa 6 vilevile. Katika wale 30 wa kloramfenikoli walikufa 18. Na katika wale 31 waliopewa zote tatu walikufa 21. Jumlisha: waliopata kloramfenikoli ni 61, waliokufa ni 39. Wasioipata ni 65, waliokufa ni 12. Tena angalia fungu la kwanza na la tatu, uone ya kuwa ile kinga yenyewe, hata ilipokuwa haidhuru, haikuonekana kuongeza kitu.

Wauguzi waliowaangalia walieleza jinsi ugonjwa ulivyokuja. Kwa kawaida, dawa ilipokuwa imetolewa siku tatu au nne, mtoto alikataa kunyonya, akatapika, tumbo likavimba. Pumzi zikawa za haraka na zisizo na mpango. Kisha mwili ukalegea na kupoa, na ngozi ikageuka rangi ya majivu, na wengi hawakumaliza siku mbili baada ya hapo. Kwa ajili ya rangi hiyo ugonjwa ukaitwa ugonjwa wa mtoto wa kijivu. Kipimo walichopewa kilikuwa miligramu 100 mpaka 165 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, wala hakuna aliyeiba wala aliyekosea kusoma; ndicho kipimo walichokiona kuwa chafaa.

Madaktari hao wa Los Angeles waliichapisha habari yao mwezi wa Desemba mwaka wa 1959, na sisi twawaheshimu kwa hilo kuliko kwa elimu yao. Ni vigumu mtu kuandika mbele ya ulimwengu wote: watoto hawa walikufa mikononi mwetu, kwa dawa tuliyoitoa sisi. Wangaliweza kuiacha ile dawa kimyakimya na kunyamaza. Laiti wangalinyamaza, hospitali nyingine zingaliendelea kuitoa, zikizika na kusema ni mapenzi ya Mungu.

Mwaka uliofuata, 1960, Weiss na wenzake wakaeleza sababu. Ini la mtu mzima huifunga kloramfenikoli pamoja na namna ya sukari, ndipo figo huweza kuitoa. Ini la mchanga halina bado nguvu ya kufunga. Kwa watoto wakubwa, nusu ya dawa iliyomo katika damu huondoka kwa muda wa saa 4 hivi. Kwa wachanga waliopimwa siku za kwanza, iliwachukua saa 26. Dozi ya pili ilikuta ya kwanza bado imekaa kitako. Wakashauri kipimo kwa njiti kisizidi miligramu 25 kwa kilo kwa siku, na damu ipimwe. Basi ile robo ya bibi yetu ilipatikana huko nayo, lakini haikupatikana kwa kisu: ilipatikana kwa mizani, na saa, na kupima damu, baada ya makaburi.

Wala si dawa za chupa tu. Hewa ya oksijeni nayo ni dawa, ingawa haina rangi wala harufu. Mwaka wa 1942 Theodore Terry wa Boston aliandika juu ya njiti waliopofuka. Mwaka wa 1951 daktari Kate Campbell wa Melbourne akaonyesha kidole kwa oksijeni iliyotolewa kwa wingi. Na uchunguzi wa hospitali 18 za Marekani katika miaka ya 1953 na 1954 ukathibitisha. Watoto wapatao 10,000 wa nchi mbalimbali walikuwa wamekwisha kupofuka. Kisha watu wakaogopa, wakaipunguza mno, na watoto wengine wakafa kwa kuikosa. Hata leo yatafutwa katikati ya njia, kwa chombo kidogo kifungwacho mguuni pa mtoto kusoma kiasi cha oksijeni katika damu yake. Hospitali iliyo na mtungi na haina chombo hicho imepewa jembe lisilo na mpini.

Baada ya mambo haya mtu angedhani ulimwengu umejifunza. Umejifunza, lakini polepole. Mwaka wa 1982, huko Marekani, ilionekana ya kuwa njiti kadhaa walianza kutweta, damu ikajaa asidi, wakafa, na kumbe dawa zao zote zilikuwa halali. Madhara yalitoka katika maji ya chumvi ya kusafishia mipira ya mshipa, yaliyotiwa kidogo cha spiriti iitwayo benzili alkoholi ili yasioze. Kwa mtu mzima kiasi kile si kitu. Kwa mtoto wa kilo moja, anayesafishiwa mpira mara nyingi mchana na usiku, ilikuwa sumu, maana ini lake halikuweza kuimaliza. Serikali ya Marekani iliarifiwa vifo 16, ikawaandikia madaktari wasitumie tena maji hayo kwa wachanga.

Na yule abiria wa manjano, je? Alirudi. Dawa iitwayo seftriaksoni, ambayo wengi wetu twaijua kwa kuwa huchomwa katika zahanati zetu kila siku, nayo hupanda katika chombo cha albumini na kumtoa bilirubini. Kwa hiyo haifai kwa mchanga mwenye umanjano. Tena mwaka wa 2007 yalitolewa maonyo ya kuwa isikutane na maji ya kalisi katika mshipa wa mtoto mchanga, maana hushikamana kama mchanga laini katika mapafu na figo, na wengine walikwisha kufa hivyo. Dawa hiyo hiyo yawaokoa wakubwa kwa maelfu, nasi hatuilaumu.

Katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki, mtoto mchanga akiingiwa na vidudu katika damu, mara nyingi hupewa ampisilini au penisilini pamoja na jentamaisini. Ni dawa njema, zimeokoa wengi, na bei yake si kubwa. Lakini jentamaisini hutolewa na figo, nayo ikizidi huweza kuziumiza figo zenyewe na kuharibu masikio. Kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka wa 2013, kwa mtoto mwenye uzito mdogo katika juma lake la kwanza, ni miligramu 3 kwa kila kilo, mara moja kwa siku. Tumwangalie mtoto wa kilo moja na nusu. Apaswa kupata miligramu 4.5. Chupa ya kawaida ina miligramu 80 katika mililita 2, kwa maana ilitengenezwa kwa mtu mzima. Mwuguzi apaswa basi kuvuta sehemu ya kumi ya mililita moja na kidogo zaidi, kiasi ambacho katika bomba la sindano la kawaida hakionekani sana, na hewa iliyo shingoni mwa sindano yaweza kukidanganya.

Sasa nukta ikikosekana. Aliyeandika aliandika 4.5, karatasi ina tone la chai, aliyesoma akasoma 45. Atavuta mililita moja na kidogo. Na hapa ndipo hatari ilipo: kipimo hicho cha makosa kinaonekana kizuri katika bomba! Kimejaa vema, chasomeka vema, mkono umekizoea kwa watu wazima. Kile cha haki ndicho kionekanacho kama kosa. Walimu wanaofundisha desimali darasani, wakati wanafunzi wanapouliza faida ya nukta ile, na wawaambie habari ya mtoto huyu.

Kwa sababu hiyo hospitali zenye utaratibu zina desturi zake. Mtoto hupimwa uzito kwa mizani, wala hakadiriwi kwa macho, na uzito huandikwa juu ya karatasi yake pamoja na siku zake. Huandika sifuri mbele ya nukta, wala hawaandiki nukta na sifuri nyuma ya hesabu kamili. Dawa kali huongezwa maji safi ya sindano kwanza, ili kipimo kiwe kikubwa cha kuonekana. Mmoja hufanya hesabu, wa pili huifanya upya bila kutazama ya mwenzake, ndipo hulinganisha. Nchini Kenya Wizara ya Afya hutoa kijitabu chenye majedwali ya uzito na vipimo, ili mtu aliyechoka saa tisa za usiku asome tu badala ya kugawanya. Nasi wa vijijini kazi yetu ni nyepesi kuliko hiyo: tukimpeleka mtoto, tuseme kweli kila alichokwisha kupewa nyumbani, hata dawa ya mizizi, hata ile robo. Mama wengi huficha kwa kuogopa kukemewa, na daktari huongeza dawa juu ya dawa asiyoijua. Kwa hiyo wauguzi nao wapunguze kukemea.

Tunaye mtoto mmoja katika darasa letu la mafundisho. Alizaliwa njiti, akalazwa katika hospitali moja tusiyoitaja, akachomwa sindano siku nyingi, akapona, na kijiji kizima kikashangilia. Miaka ilipita ndipo mwalimu wake alipogundua ya kuwa akiitwa kwa nyuma hageuki. Labda ni dawa. Labda ni ugonjwa wenyewe, maana nao huharibu masikio. Labda ni vyote viwili. Karatasi zake za siku zile zilitafutwa, hazikuonekana, na mama yake hakumbuki jina la dawa wala kipimo. Sasa huketi benchi la mbele, nasi tumejifunza kusimama penye mwanga tunaposema naye, ili aione midomo yetu.